Genge li Karibu, Mboga Zi Mbali: Lishe Bora Katika Mitaa ya Kipato cha Chini

Kila siku, katika kliniki za shinikizo la damu, kisukari na wajawazito jijini Dar es Salaam, wagonjwa hupewa ushauri ule ule: "Kula mboga na matunda kwa wingi." Ushauri huo ni sahihi. Hata hivyo, mgonjwa wa Tandale, Vingunguti au Keko anayelipwa kwa siku hurudi nyumbani akiwa na swali ambalo hakuulizwa: kwa fedha ipi, kwa mkaa upi, na kwa maji yapi?

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, yaani sehemu tano za gramu 80. Sehemu moja ni kama vijiko vitatu vya mezani vya mchicha uliopikwa, au ndizi mbivu moja ya wastani. Hasara ya kukosa vyakula hivi yaonekana wazi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa wanawake 42 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Malaria na minyoo vimo miongoni mwa sababu, lakini lishe duni ni sababu kubwa pia.

Tatizo si umbali

Katika miji mingi ya Marekani, maskini hukosa chakula bora kwa kuwa duka la mboga liko mbali. Dar es Salaam haiko hivyo. Nyanya za Ilula, kabichi za Lushoto na machungwa ya Muheza hufika katika masoko ya Ilala, Buguruni na Mabibo, kisha wachuuzi huzisambaza hadi kwenye genge lililo hatua chache kutoka mlangoni. Kinachokosekana ni uwezo wa kuzinunua kila siku, kuzihifadhi na kuzipika.

Kaya isiyo na jokofu hununua mboga za mlo mmoja tu. Kwa kununua kidogo kidogo, mara nyingi hulipa bei kubwa kwa kila kilo kuliko anayenunua kwa jumla. Maharage, ambayo yangeleta protini na madini ya chuma kwa gharama nafuu, hula mkaa mwingi. Ndiyo maana sahani ya chipsi ya kando ya barabara huonekana rahisi zaidi: hushibisha haraka, na haidai jiko wala maji. Mwenye kuichagua amepiga hesabu kwa fedha aliyonayo mkononi, kumlaumu hakumsaidii.

Usalama wa mboga zenyewe

Sehemu ya mchicha, matembele na majani ya maboga yanayoliwa jijini hulimwa mabondeni, ukiwemo ukanda wa Mto Msimbazi, ambao hupokea majitaka ya makazi na ya viwanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima mboga zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, na baadhi ya sampuli zikakutwa na madini ya risasi kwa kiwango kilichozidi kinachoruhusiwa. Kuosha kwa maji safi yanayotiririka huondoa udongo, mayai ya minyoo na sehemu ya vijidudu, na kupika huua vijidudu vingi. Lakini risasi iliyokwisha kuingia ndani ya jani haiondoki kwa kuoshwa, kwa chumvi wala kwa moto. Kinga yake ni kulima penye maji salama na udongo safi, na hilo ni jukumu la mamlaka za mazingira na mipango miji kabla ya kuwa la mama jikoni.

Yanayowezekana kwa kipato kilichopo

Yako mambo ambayo familia yaweza kuyafanya bila kuongeza gharama kubwa. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, kisha upike kwa maji mapya. Yataiva mapema na mkaa utapungua. Osha mboga kabla ya kuzikata, na uzipike kwa muda mfupi kwa maji kidogo, maana vitamini C huyeyuka katika maji na huharibiwa na moto. Kamulia ndimu juu ya mboga au maharage, au kula chungwa pamoja na mlo, kwani vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai ya rangi au ya maziwa isinywewe pamoja na mlo. Hupunguza ufyonzwaji huo. Ngojea saa moja au mbili. Chagua matunda ya msimu, na dagaa wakavu badala ya nyama pale bei inapobana. Wasiwe wa chumvi nyingi, hasa kwa mwenye shinikizo la damu.

Penye uwazi mdogo, gunia lenye udongo safi na mbolea iliyooza vizuri hutosha kuotesha mchicha, ambao huvunwa baada ya wiki tatu hadi nne, au matembele, ambayo huota kwa vipande vya shina. Udongo usichukuliwe dampo wala kando ya karakana.

Kwa mtoa huduma

Kabla ya kutoa ushauri, muulize mgonjwa alikula nini jana, anapika kwa nini, na genge la mtaani kwake linauza nini. Ushauri unaotaja fungu la matembele hutekelezeka kuliko unaotaja tunda asiloweza kulinunua. Kumbuka pia kwamba si kila mgonjwa anafaa kuambiwa "kwa wingi": mwenye ugonjwa sugu wa figo huenda akahitaji kupunguza vyakula vyenye potasiamu nyingi, na anayetumia dawa ya wafarini apaswa kula mboga za majani kwa kiasi kisichobadilika-badilika.

Nje ya kliniki, wauza genge na mama lishe ni washirika wa afya. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mama lishe kinachopata mtaji chaweza kuongeza mboga na kipande cha tunda katika kila sahani, na afisa lishe wa halmashauri ndiye wa kukiongoza. Mteja wao, anayekula hapo mchana kila siku ya kazi, ndiye yule yule tunayemwandikia dawa.