Mrundi na Kiswahili: Undugu wa Maneno Usikudanganye

Mji wa Rumonge uko kando ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita 70 hivi kusini ya Bujumbura. Afikaye sokoni asubuhi, mitumbwi ikishusha mukeke na ndagala na madumu ya mawese yakipangwa kando ya njia, husikia lugha mbili zikipokezana: Kirundi na Kiswahili. Kiswahili si mgeni katika pwani hiyo. Kilikuja na misafara ya biashara ya karne ya 19, iliyopitia Ujiji, nacho hakikuondoka tena.

Hata hivyo, wako wengi watokao milimani, wakiwemo askari na polisi wanaohamishiwa huko pamoja na jamaa zao, ambao hawana budi kujifunza lugha hiyo ukubwani. Kwao njia ni fupi, lakini ina mashimo.

Ni fupi kwa kuwa lugha zote mbili ni za Kibantu. Umuntu ni mtu, abantu ni watu; igitabo ni kitabu, ibitabo ni vitabu. Mwanafunzi huona kwamba akiondoa irabu ya mwanzo amekwisha kufika. Basi huchukua neno igiti, akaondoa irabu, akapata kiti. Kumbe igiti cha Kirundi ni mti! Mzazi amwambiaye jirani kwamba mtoto ameanguka kutoka juu ya kiti, hali mtoto ameanguka kutoka mwembeni, hataletewa msaada unaostahili.

Shimo la pili ni upatanisho. Katika Kirundi, inka na ifi hufuata ngeli ya jina lao, kama vitu vingine. Kiswahili sanifu humpa kila mnyama hadhi ya mtu: ng'ombe wangu amepotea, samaki huyu ameoza. Ndiyo maana husikika sokoni "samaki hii imeoza". Muuzaji ataelewa, lakini mwalimu atasahihisha.

Shimo la tatu ni wakati. Kirundi kina neno moja, ejo, kwa siku iliyopita na kwa siku ijayo. Kitenzi ndicho kiamuacho. Ejo narakoze ni "jana nilifanya kazi"; ejo nzokora ni "kesho nitafanya kazi". Kiswahili kimetenga jana na kesho, na mwanafunzi huzichanganya kwa urahisi. Polisi anayeandika maelezo ya mama aliyeibiwa, akisikia "kesho alikuja mtu mlangoni", asikisie. Aulize siku kwa jina lake: Jumatatu au Jumanne? Swali hilo dogo laweza kumwokoa asiye na hatia.

La nne ni sauti za L na R, ambazo Kirundi hakizitumii kutofautisha maneno. Katika Kiswahili, mahali ni pale mtu alipo, na mahari ni mali itolewayo kwa ajili ya mke. Askari amwulizaye binti "mahari yako ni wapi?" atamchekesha binti na kumkunjisha uso baba yake.

Zaidi ya sarufi, ziko semi za heshima, na kila lugha ina mahali pake pa kuziweka. Katika Kikorea, kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, na katika mwisho wa kitenzi hicho ndipo adabu huonekana: rafiki huambiwa gomawo, mkubwa huambiwa gamsahamnida, na yote mawili ni asante. Kirundi huweza kumwamkia mkubwa mmoja kwa umbo la wingi, mwaramutse. Kiswahili huitanguliza heshima: shikamoo, tafadhali, naomba. "Leta kitambulisho!" ni sentensi sahihi, "Shikamoo mama, naomba kitambulisho" pia ni sahihi, nayo hupata jibu la upole.

Jambo hili si la mapambo. Wakimbizi wa mwaka 1972 waliishi Tanzania miaka mingi, katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kuanzia mwaka 2008, zaidi ya 50,000 kati yao na watoto wao walirejea Burundi, wengine wakifika Rumonge. Watoto walirudi na Kiswahili fasaha, wakakuta madarasa ya Kirundi na Kifaransa. Wazazi walikuta mashamba yao yana wakaaji wengine. Mbele ya wapatanishi, "nilimpa shamba" na "nilimwachia shamba alitunze" ni maneno mawili yenye hukumu mbili. Askari nao walionja haja hiyo: kikosi cha kwanza cha Burundi kilipofika Mogadishu Desemba 2007, kiliwakuta Waganda, ambao jeshi lao hutumia Kiswahili.

Nyumbani, jamaa ichague muundo mmoja kila wiki. Wiki ya kwanza, wakati wa chakula, iwe ya samaki huyu na samaki hawa. Ya pili iwe ya jana na kesho, kila mtu akieleza alilofanya na atakalofanya. Ya tatu iwe ya mahali na mahari. Tena watoto waruhusiwe kuwasahihisha wakubwa kwa adabu, maana mara nyingi wao hujifunza upesi zaidi, wakicheza na wenzao ufukweni.