Umbali wa Laela (2): Bei, Barabara na Ofisi

Juma lililopita tuliliacha lungu limezimika. Tulisema kwamba lile tanuri refu la udongo, ambalo mafundi wa Ufipa waliyeyushia chuma bila hata kuvukuta mivukuto, halikushindwa na ufundi. Lilishindwa na jembe la dukani. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 na meli zikawa zinakata Ziwa Tanganyika, majembe ya Ulaya yaliteremka kwa bei ambayo mtu wa kukata miti, kuchoma mkaa na kuchimba mawe ya chuma hakuweza kushindana nayo. Umbali ndio uliokuwa ukililinda lungu.

Leo naufuata umbali huohuo hadi sokoni na ofisini. Ukizungumza na watu wa Laela, huku Ufipa mkoani Rukwa, juu ya mabadiliko, huyu atakutajia simu, yule lami, mwingine serikali. Kwangu mimi yote ni swali moja: nani yuko mbali na nani, na nauli analipa nani?

Tuanze na mahindi. Katika miaka ya 1970 serikali iliamua mkulima alipwe bei moja nchi nzima, awe jirani na kinu cha Dar es Salaam au awe huku juu Ufipa. Gharama ya lori ililibakia shirika la umma la usagishaji, NMC. Kalamu ya siasa ikafuta kilomita ambazo hakuna greda lililokuwa limezigusa. Rukwa, mkoa uliozaliwa mwaka 1974, ukahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa ghala la taifa.

Bei hiyo ilibadili hata udongo. Mfipa alikuwa na sayansi yake: mvua zikielekea ukingoni, anakusanya nyasi, anazifukia ndani ya tuta la mviringo liitwalo intumba, anapanda maharage juu yake. Nyasi zinaoza chini, na msimu unaofuata tuta linabomolewa, mbolea inatawanywa, unapandwa ulezi au mahindi. Ni kazi ya mgongo, lakini haidai senti. Bei moja ilipokuja na mbolea ya ruzuku, ekari nyingi zikahamia kwenye plau ya ng'ombe na mfuko wa chumvichumvi, na sioni sababu ya kuwalaumu waliohama. Tatizo lilikuja baadaye. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, bei moja ilikwishaondolewa na ruzuku nayo ikafuata. Kilomita zikarudi zote, na mfuko wa mbolea husafiri, nyasi hazisafiri.

Lami ilichelewa mno. Tarehe 17 Februari 2008, Rais Kikwete na Rais Bush walitia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa msaada wa dola milioni 698 wa shirika la Marekani la MCC, na ndani yake ilikuwemo barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220. Kazi iligawanywa vipande vitatu: Tunduma–Ikana, Ikana–Laela, Laela–Sumbawanga. Anayekumbuka masika ya zamani, abiria wakishuka kusukuma basi lililozama hadi ekseli, hahitaji kuelezwa tofauti. Lori la Tunduma sasa linafika na kurudi siku hiyohiyo, na mwenye magunia anaweza kupiga simu kuuliza bei kabla dalali hajamtajia ya kwake.

Hapo ndipo wengi huhitimisha kwamba umbali umekufa. Mwaka 2017 ulituonyesha vingine. Serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje, ikihofia njaa, na bei ya nyanda za juu kusini ikaporomoka. Lami ilikuwa palepale, simu zilikuwa na salio, lakini mpaka wa Tunduma ulikuwa umefungwa kwa mahindi. Tamko moja liliirudisha Laela pembezoni. Hofu ya njaa ilikuwa halali. Lakini sikubali kwamba mkulima peke yake ndiye aliyestahili kuilipia bima ya taifa zima.

Miaka mitano baadaye vita vya Ukraine vilipandisha mfuko wa mbolea kupita shilingi 100,000 sehemu nyingi. Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nanenane, Rais Samia alizindua Mbeya ruzuku mpya, safari hii kwa kuandikisha wakulima katika mfumo wa kidijitali. Mkulima wa Laela akawa na namba ya usajili, na bei yake ya mbolea ikawa inategemea bandari za Bahari Nyeusi.

Imebaki ofisi. Watemi wa Lyangalile, utawala wa jadi wa upande huu wa Ufipa, waliondolewa madaraka, kama machifu wote nchini, kwa sheria ya mwaka 1963. Tangu hapo mambo makubwa ya wilaya yalifuatwa Sumbawanga mjini, hadi mwaka 2019 Rais Magufuli alipoagiza halmashauri zote zilizokaa nje ya maeneo yao zirudi kwa wananchi wake. Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga ikahamia Laela. Viwanja vikapanda bei, mama lishe wakaongezeka, na mwenye kero ya ardhi hapa anakwenda ofisini kwa miguu.

Lakini wilaya hii ina Bonde la Ziwa Rukwa pia, chini ya safu ya milima ya Lyamba lya Mfipa. Anayetoka kijiji cha Muze, huko Bondeni, kwa gari hupanda mlima hadi Ntendo, anaingia Sumbawanga mjini ilipokuwa ofisi, kisha anaanza kilomita nyingine 95 hivi kuifuata Laela. Kwake serikali ilisogea mbali. Halmashauri iweke siku maalumu za kushuka Bondeni na watumishi wake wa ardhi na biashara, na siku hizo zitangazwe mapema vijijini.

Juma lijalo tutaingia darasani.