Si Nguruwe, Wala Si Pimbi

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja alinionyesha zoezi la tafsiri alilosahihishiwa alipokuwa shule ya upili. Neno la Kiingereza 'groundhog' alikuwa amelitafsiri 'nguruwe wa ardhi', na mwalimu akampa alama zote. Sikucheka. Kosa hilo ni letu sote tunaofundisha maneno pasi na kumjua kiumbe anayetajwa.

Mnyama huyu huishi Kanada na mashariki ya Marekani. Hana unasaba na nguruwe. Ni wa ukoo mmoja na kindi na kuchakuro, ila yeye huweza kufikia kilo 5 au 6. Huchimba shimo lenye milango kadhaa ya kuponyokea, na akishtuka hupiga mluzi mkali. Hula majani, na bustani za watu hazisalimiki.

Ajabu yake kubwa ni usingizi. Kabla ya majira ya baridi hula akanenepa, kisha hujifungia shimoni miezi kadhaa bila kula. Moyo uliokuwa ukipiga mara 80 hivi kwa dakika hupungua hadi mara 5 au 10. Madume huanza kuzinduka Februari, wakayazungukia mashimo ya majike ilhali theluji ingaliko. Katika mji wa Punxsutawney, Pennsylvania, tangu 1887 watu hukusanyika tarehe 2 Februari kubashiri hali ya hewa kwa kivuli chake, desturi iliyotokana na wahamiaji Wajerumani. Mwenyewe ana haja zake nyingine.

Turudi kwenye jina. 'Nguruwe wa ardhi' ndiyo maana hasa ya 'aardvark', jina la Kiafrikana la muhanga, mla mchwa wa huku kwetu. Wengine husema ni pimbi, nao husahau kwamba pimbi ni jamaa wa ndovu! Waama, hata Waingereza walipotoka: jina lake la pili, 'woodchuck', halihusu mti wala ubao, ni neno la wenyeji wa lugha za Kialgonkini lililoborongwa na masikio ya wageni.

Mimi ningependekeza 'mamota', kutokana na jina la kisayansi, Marmota monax. Mwanafunzi alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama neno hilo lingempa alama mtihanini. Nikamjibu kwamba hilo lingetegemea anayesahihisha.