Mtoto Akichelewa Kusema, Msikilaumu Kiswahili

Mpwa wangu hapa Uingereza ana miaka mitano, na kila chombo anakiita "kitu". Mwalimu mmoja akamwambia dada yangu eti aache Kiswahili nyumbani, kinamchanganya mtoto. Dada akaacha. Kiingereza hakikupanda, na kwenye simu bibi yake akabaki kusema peke yake.

Mimi nasomea lugha, basi nieleze. Wapo watoto wanaosikia vizuri na wenye akili, ila maneno yanawaingia polepole na sarufi inachelewa. Kwa Kiingereza, huangusha -ed na -s wakati wenzao wameshazizoea. Utafiti wa Iowa, Marekani, uliochapishwa 1997, ulikuta kama watoto 7 katika kila 100 wa chekechea wako hivyo.

Lugha mbili si chanzo. Mwenye shida hiyo huwa nayo katika lugha zote mbili, kwa hiyo apimwe kwa zote, na maneno yake yahesabiwe pamoja. Nyumbani, akisema "nipe kitu", msimcheke, mjibuni, "Haya, chukua kijiko."

Dada amerudia Kiswahili. Juzi mtoto kashika simu: "Shikamoo bibi." Jamani, bibi alilia!