Gari Kuukuu Linapogeuka Chumba cha Kulala

Mnada umekwisha. Giza limeingia na mvua inanyesha. Barabara ya kurudi kijijini imejaa tope. Wafanyabiashara wanne wanaamua kulala ndani ya gari lao. Wamepika ugali na dagaa kwa jiko la mkaa. Sasa baridi inawapata. Mmoja wao anasema: "Jamani, tuingize jiko ndani, tupate joto. Mkaa wenyewe umebaki kidogo tu."

Ndugu msomaji, je, wewe ungekubali? Shika swali hilo. Tutalirudia baadaye.

Kwanza tuone gari hilo limetoka wapi. Tuseme watu hawa wanne ni wa kijiji kimoja wilayani Magu. Wanauza nguo na vyombo minadani. Wananunua dagaa mialoni. Leo wako Misungwi, kesho Kwimba, keshokutwa Lamadi. Nyumba ya wageni kila safari inakula faida yao. Wamechanga fedha ili wanunue gari kuukuu, walitengeneze, wasafiri nalo na kulala humo.

Magari kama hayo yapo mengi Mwanza. Lijulikanalo zaidi ni Toyota HiAce, ambalo wengi huliita haisi. Toyota walianza kutengeneza haisi mwaka 1967. Sisi tunalijua kama gari la abiria. Lakini lina paa refu na mlango mpana wa pembeni. Ukitoa viti vya nyuma, unapata chumba kidogo chenye magurudumu.

Hata hivyo, rangi mpya isikudanganye. Gari kuukuu hulifahamu kwa kulala chini yake, si kwa kulizunguka tu. Chukua sumaku ndogo. Ipitishe kwenye bodi, hasa chini ya milango na juu ya magurudumu. Mahali penye chuma, sumaku itanata. Isiponata, bodi limeoza na kuzibwa kwa puti. Kisha tazama fremu ya chini. Gonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia vizuri. Chuma kilichooza hutoa sauti nzito na vumbi la kutu huanguka. Bodi lililooza fundi wa kuchomelea huweza kuliziba. Fremu iliyooza ni jambo jingine. Liache gari hilo, hata kama bei ni ndogo.

Washa injini asubuhi ikiwa bado ya baridi. Muuzaji akikuta ameiwasha kabla hujafika, muulize kwa nini. Tazama moshi. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweusi mzito maana yake mafuta hayaungui vizuri. Kanyaga breki kwa nguvu, ushikilie hapo. Pedali ikizama polepole, breki zina ugonjwa.

Haisi nyingi kuukuu zina injini ya dizeli ya 2L, 3L au 5L. Injini hizi zina mkanda wa mpira ndani, ambao mafundi huuita taimingi belti. Hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika njiani, valvu na pistoni hugongana, na injini inaharibika vibaya. Kama muuzaji hajui ulibadilishwa lini, badilisha. Mkanda ni rahisi kuliko injini.

Tazama matairi pia. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi laweza kuwa na meno mazuri na bado likawa limezeeka na kupasuka nyufa. Sisi tuliojua kusoma ukubwani, hapa kusoma kwetu kunalipa.

Kabla ya kulipa, soma kadi ya gari. Linganisha namba ya chasisi iliyo kwenye kadi na ile iliyochongwa kwenye gari. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, usitoe fedha. Vilevile nenda TRA, na kwa watu wa bima, uwaulize kabla ya kung'oa viti. Gari lililoandikishwa kubeba abiria haligeuzwi kimyakimya. Ajali ikitokea, bima yaweza kukukataa.

Sasa kazi ya kutengeneza. Watu wengi huanza na kitanda na mapazia. Hilo ni kosa. Fedha ya kwanza iende kwenye breki, matairi, usukani na springi. Ya pili iende kwenye rejeta na bomba la moshi. Kitanda ni cha mwisho. Bomba la moshi lenye tundu chini ya sakafu hupitisha moshi ndani kupitia matundu madogo ya bodi. Kwa hiyo ziba yote mawili, bomba na sakafu.

Kitanda chenyewe si kazi kubwa. Seremala wa kijijini anakiweza. Tengeneza sanduku la mbao lenye urefu wa mita moja na nane, uweke godoro juu na mizigo chini yake. Likaze sakafuni kwa bolti. Sanduku lisilokazwa, siku ukifunga breki ghafla, linakuja mbele na kukuvunja shingo. Lakini kabla ya kutoboa sakafu, ingia chini ya gari. Hapo kuna tangi la mafuta na mabomba ya breki. Fundi mwenye haraka ametoboa tangi zaidi ya mara moja katika gereji zetu!

Acha viti vya kutosha wasafiri wote, vyenye mikanda. Kitanda ni cha gari lililosimama. Na tuseme ukweli, haisi haitoshi watu wanne kulala. Wawili watalala ndani. Wawili watalala nje chini ya turubai, kila mmoja na chandarua chake. Kanda yetu ya ziwa ina malaria nyingi. Madirisha ya gari nayo yawekewe wavu wa mbu, ili yaweze kuachwa wazi usiku.

Usilipakie gari kupita kiasi. Pipa la maji la lita 200 lina uzito wa kilo 200, sawa na watu watatu. Mzigo mzito usiuweke juu ya paa. Gari litayumba kwenye kona.

Kuhusu mahali pa kulala, usiegeshe kwenye nyasi karibu na maji. Kiboko hutoka ziwani usiku kula majani, na hapendi kukuta njia yake imezibwa. Ukiwa njia ya Musoma, karibu na Lamadi kuna lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Huwezi kuingia humo ukalala upendapo. Lala penye watu, kwa ruhusa ya mwenyekiti wa kitongoji au kijiji. Wa njia ya Sengerema na Geita wana nafuu. Zamani walisubiri kivuko pale Kigongo. Tangu Juni 2025 wanavuka kwenda Busisi kwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu hivi.

Turudi kwenye lile jiko. Jibu ni hapana. Usiliingize.

Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi. Haina harufu. Huwezi kuiona wala kuinusa. Ukiivuta, inashika damu yako na kuzuia hewa safi isisafirishwe mwilini. Mkaa uliobaki kidogo, hata uliofunikwa na majivu, bado hutoa sumu hiyo. Chumba cha haisi ni kidogo sana, hujaa upesi. Mtu aliyelala haamki. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi kulifanya jiko liwe salama. Injini nayo usiiache ikiunguruma mkiwa mmelala, kwa sababu moshi wake una sumu hiyohiyo.

Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Mkiona wawili mnaumwa kichwa kwa wakati mmoja ndani ya gari, msidhani ni uchovu wa safari. Tokeni nje mara moja. Aliyezimia mburuteni nje kwenye hewa safi na mumkimbize hospitali. Waambieni waganga kwamba kulikuwa na jiko.

Basi wale wanne wafanyeje na baridi? Wapike nje chini ya turubai. Wakimaliza, wazime mkaa kwa maji na jiko libaki nje hadi asubuhi. Ndani wajifunike blanketi mbili, wavae soksi, na waache dirisha moja wazi upande usiopigwa na mvua.