Matango yanapoota ukungu: tazama jani kabla ya kununua dawa

Wengi wetu tulio na kipande cha shamba huku Batina sasa tunasafisha mabanda ya plastiki tupande matango. Mwaka juzi ukungu ulinimalizia banda zima, na kosa lilikuwa nusu langu, nusu la muuza dawa.

Mimi ni karani mstaafu. Kilimo nilikionja kwenye bustani ya shule ya misheni, ambako tungule tukizinyunyizia mrututu na chokaa. Basi nilipoona madoa kwenye majani nilikwenda dukani nikasema, "Nipe dawa ya ukungu." Muuzaji hakuuliza neno, akanipa kibiriti upele cha unga. Laiti ningechukua jani moja mkononi!

Maana ukungu wa matango uko namna mbili. Ubwiri unga hukaa juu ya jani kama unga wa ngano uliomwagika, ukipangusa kwa kidole unatoka. Huo hauhitaji jani liwe na maji, na kibiriti kinaufaa. Ubwiri vinyoya ni mwengine kabisa. Juu ya jani utaona madoa ya manjano yenye pembepembe, yamezuiwa na mishipa. Ligeuze alfajiri, chini pana vinyoya vya kijivu au zambarau. Wataalamu wanasema huu si kuvu hasa, uko karibu zaidi na mwani, ndiyo maana dawa nyingi za kuvu haziugusi. Unapenda jani lililolowa, na banda lililofungwa usiku kucha huamka linatona maji.

Wangu ulikuwa huu wa pili. Tena nilipiga kibiriti saa saba mchana, na joto ndani limeshapita nyuzi 32, ambapo kibiriti huunguza majani ya matango. Kesho yake kingo zote zilikuwa kahawia, na ugonjwa uko palepale.

Mrututu na chokaa unauzuia ubwiri vinyoya, lakini ni kinga: lazima uwe umeshakaa juu ya jani kabla ugonjwa haujaingia. Ziko dawa zinazopenya ndani ya jani, nazo husaidia ukiwahi mwanzoni. Hizi usirudie ile ile kila wiki, maana ugonjwa huizoea. Kubadilisha jina la kopo hakutoshi. Tazama namba ya kundi kwenye karatasi yake, ndiyo ibadilike.

Jirani alinipa moja ya hizo, nikapiga Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi mama watoto ameshajaza kikapu cha kumpelekea binti yetu Seeb. Kiarabu changu ni cha salamu tu, lakini mjukuu wangu alisoma kopo: fatrat al-aman, siku 3. Yaani siku za kungoja baina ya kupiga dawa na kuchuma. Dawa nyengine hutaka wiki na zaidi, na tango halingoji wiki. Kikapu tulikimwaga, na kuosha kusingetosha, kwani dawa inayopenya haikai juu ya ganda tu.

Siku hizi nachuma kwanza, ndipo napiga dawa jioni. Yanayokomaa ndani ya siku za kungoja nayakata na kuyatupa, mche uendelee kuzaa. Banda nalifungua mapema asubuhi upepo ukaushe majani, na maji ya mpira nayafungulia asubuhi, si magharibi.