Maumivu ya Usiku wa Tatu

Mgonjwa anayerudi siku ya tatu baada ya kung'olewa jino namjua kabla hajaketi kwenye kiti. Ameshika taya, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na mara nyingi ana hasira na mimi. "Dada, ulinitoa jino au uliniongezea jingine?" aliniuliza kijana mmoja wa bodaboda hapa Tanga. Siku mbili za mwanzo alikuwa mzima, anabeba abiria kama kawaida. Usiku wa tatu maumivu yakaamka, yakapanda hadi sikioni na kwenye kipaji, na dawa zote za maumivu zilizokuwamo nyumbani zikashindwa.

Mimi ni tabibu wa meno, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kung'oa. Nilipommulika nikaona nilichokitarajia: gego la chini limetoka vizuri, lakini tundu ni tupu, mfupa wa taya unaonekana kule ndani. Usaha hakuna, ila harufu ipo. Kliniki tunaita drai soketi.

Jino likitoka, tundu hujaa damu, na damu hiyo huganda. Bonge hilo ndilo dawa ya kwanza. Linafunika mfupa na mishipa ya fahamu iliyobaki wazi, na nyama mpya huota juu yake, kama gaga linavyolinda kidonda cha goti. Likiyeyuka au kung'oka kabla ya wakati wake, mfupa unabaki uchi. Hewa inaugusa, chai inaugusa, punje ya wali inaingia. Hapo ndipo maumivu yanapoanza, kwa kawaida kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na yasipotibiwa yanaweza kuendelea wiki nzima au zaidi.

Si wengi wanaopatwa. Kwa meno ya kawaida ni kama watu 2 hadi 5 katika kila 100, ingawa kwa magego ya mwisho ya chini idadi inaweza kufika hata 30. Taya la chini huathirika zaidi kuliko la juu. Mvutaji sigara yumo hatarini, na mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango naye yumo, sawa na mtu ambaye jino lake lilivunjika likatolewa vipande vipande. Kwa hiyo simlaumu kila anayerudi. Wengine wamefuata kila neno na bado tatizo hili limewapata.

Lakini wengi ninaowaona mimi wameponzwa na usafi. Mtu akifika nyumbani anachemshiwa maji ya chumvi, anasukutua kwa nguvu jioni ile ile, anatema, anarudia mpaka mate yawe meupe. Bonge linaondoka na maji. Wakati wa Ramadhani ni shida zaidi, maana aliyefunga anaogopa kumeza damu, hivyo anatema kutwa nzima. Kama jino linaweza kusubiri, mimi husema njoo baada ya futari. Kama haliwezi, mgonjwa ana ruhusa yake, amuulize sheikhe wake. Na dafu jamani! Linywe, ila uache mrija, kwa sababu kule kufyonza kunavuta bonge kutoka kwenye tundu. Sigara inafyonza vilevile, kisha inaongeza moshi.

Maji ya chumvi ni mazuri, ila yasubiri kesho yake. Nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, yashike mdomoni, inamisha kichwa, yaache yamwagike yenyewe.

Kijana wa bodaboda alikuwa na amoksilini mfukoni, nusu dozi, aliyouziwa duka la dawa bila kuangaliwa mdomo. Hili linaniudhi kuliko yote. Drai soketi si maambukizi, na antibiotiki haiwezi kufunika mfupa. Tiba yake ni kazi ya dakika chache: nalisafisha tundu kwa maji ya chumvi ya hospitali, kisha naweka dawa yenye yujenoli, kiini kile kile kinachotoa harufu ya karafuu. Wagonjwa wangu wenye asili ya Pemba hucheka wakiisikia. Maumivu mara nyingi hushuka mtu akiwa bado kitini, na dawa hubadilishwa baada ya siku moja au mbili. Usijitie mafuta ya karafuu matupu nyumbani, yanaunguza fizi. Aspirini iliyosagwa na kubandikwa nayo huunguza.

Yako mambo yanayowatisha watu bure. Uvimbe wa shavu huwa mkubwa siku ya pili au ya tatu kisha unashuka. Utando mweupe wenye unjano juu ya tundu ni nyama inayojijenga, usiukwangue kwa mswaki. Fizi hujifunga kwa wiki kadhaa, na mfupa chini yake huchukua miezi. Kichembe cha mfupa kikichomoza kwenye fizi, njoo tukitoe.

Lakini ukipata homa, uvimbe ukashuka chini ya kidevu kuelekea shingoni, au ukashindwa kumeza au kupumua vizuri, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali usiku huo huo. Damu nayo, ikikataa kukoma hata baada ya kung'ata gozi safi kwa nusu saa bila kuchungulia, inahitaji kuangaliwa, hasa kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Sisi wataalamu nasi tuna tabia moja ya ajabu: tunamweleza mtu masharti yote wakati ana gozi mdomoni na ganzi imelala nusu ya uso, hawezi hata kuuliza. Njoo na ndugu yako asikilize kwa niaba yako. Na maumivu yakizidi siku ya tatu badala ya kupungua, rudi pale pale ulipong'olewa, asubuhi hiyo hiyo, bila kupitia duka la dawa.